Shule ya "Mwaka Mzima": Tathmini ya Hoja Kuhusu Kalenda ya Masomo

1.0 Utangulizi

Shule nyingi za umma nchini Marekani hufundisha kwa siku zipatazo 180 kwa mwaka, kisha hufungwa kwa muda wa majuma kumi au zaidi wakati wa majira ya joto. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 baadhi ya wilaya za elimu za nchi hiyo zimejaribu kuubadili utaratibu huo kwa kuikata likizo ndefu na kuitawanya katika likizo fupi fupi. Wilaya ya Valley View katika jimbo la Illinois, kwa mfano, ilianza mwaka 1970 kutumia kalenda ya siku 45 za masomo zikifuatwa na siku 15 za mapumziko, mzunguko ambao hurudiwa mara nne kwa mwaka. Kalenda za namna hii hujulikana kwa jina ambalo likitafsiriwa moja kwa moja kwa Kiswahili huwa "shule ya mwaka mzima".

Kalenda hizo zimezua mjadala mrefu baina ya wazazi, walimu, wafanyabiashara, wanasiasa na watafiti. Wapo wanaoamini kwamba zinaokoa elimu ya watoto wa maskini, na wapo wanaoamini kwamba zinavuruga familia bila faida yoyote. Madhumuni ya makala haya ni kuzipima hoja za pande hizo mbili. Tumeuchagua mjadala huu kwa sababu tatu. Kwanza, umefanyiwa utafiti mwingi kiasi kwamba hoja zake zinaweza kupimwa kwa ushahidi. Pili, jina la jambo linalojadiliwa ni tatizo la lugha, na sehemu ya ugomvi huo imezaliwa na jina hilo. Tatu, hoja za kalenda husafiri. Husomwa na wapangaji wa elimu wa nchi nyingine, zikiwamo zetu, ambako mwaka wa shule umepangwa kwa namna tofauti kabisa.

Msimamo wa makala haya ni kwamba hoja nyingi zinazotolewa katika mjadala huu zina ushahidi wa kweli, lakini ushahidi huo mara nyingi unahusu jambo jingine, tofauti na lile linalodaiwa. Kosa la namna hii ni gumu kugundulika kuliko uongo wa wazi, na madhara yake, kama tutakavyoona, huweza kumwangukia mtoto asiye na mtetezi.

2.0 Vipimo vya Hoja

Katika kuzipima hoja hizi tumetumia mgawanyo uliopendekezwa na mwanafalsafa Stephen Toulmin mwaka 1958. Kwa mujibu wa mtaalamu huyo, hoja huwa na dai, yaani jambo ambalo msemaji anataka likubaliwe. Ushahidi, yaani jambo analolitegemea. Na kiungo, yaani kanuni inayoruhusu kuvuka kutoka katika ushahidi hadi kwenye dai. Katika mazungumzo ya kawaida kiungo hakitamkwi. Msikilizaji huachiwa akijaze mwenyewe, na aghalabu hukijaza bila kukichunguza.

Tuchukue mifano mitano ifuatayo, ambayo tumeitunga ili kuwakilisha aina za hoja zinazojitokeza mara kwa mara katika mjadala huu:

(1) Wanafunzi husahau waliyojifunza wakati wa likizo ndefu. Kwa hiyo likizo ndefu igawanywe.

(2) Likizo ndefu ilitokana na mahitaji ya kilimo. Wengi wetu si wakulima tena. Kwa hiyo likizo hiyo ifutwe.

(3) Jengo linalokaa tupu ni hasara. Kwa hiyo shule itumike mwaka mzima.

(4) Wanaotetea likizo ndefu ni wafanyabiashara wa utalii. Kwa hiyo utetezi wao hauna thamani.

(5) Watoto wa familia moja watakuwa na likizo tofauti. Kwa hiyo kalenda mpya ni mbaya.

Kila mojawapo ya hoja hizi ina sauti ya busara. Hata hivyo, kabla ya kuzichambua moja moja, hatuna budi kulichunguza neno linalobeba mjadala wote.

3.0 Jina na Maana Zake

3.1 Kivumishi -zima

Kivumishi -zima katika Kiswahili hueleza ukamilifu usio na pengo. Tukisema "alilala siku nzima" au "mvua ilinyesha usiku mzima", hatutarajii kwamba palikuwa na vipindi vya kuamka au vya kukauka. Kwa hiyo msomaji wa Kiswahili anayekutana na "shule ya mwaka mzima" ana haki ya kuelewa kwamba watoto husoma kuanzia Januari hadi Desemba bila kupumzika, au angalau kwamba wanasoma siku nyingi zaidi kuliko wenzao.

Maana hiyo haimo katika jambo lenyewe. Mzunguko wa siku 45 mara nne ni siku 180. Siku 15 za mapumziko mara nne ni siku 60. Siku chache za kazi zinazobaki katika mwaka huangukia sikukuu na mapumziko ya pamoja. Mtoto aliye katika kalenda hii husoma siku zile zile 180 alizokuwa akisoma zamani. Kilichobadilika ni mahali pa likizo katika mwaka. Yule anayeisifu kalenda hii kwa sababu "watoto watasoma zaidi" na yule anayeilaumu kwa sababu "watoto watanyimwa likizo" wamedanganywa na kivumishi kimoja.

3.2 Nomino shule

Nomino shule nayo ina maana zaidi ya moja. Tunaposema "shule imeezekwa upya" tunakusudia jengo. Tunaposema "leo hakuna shule" tunakusudia masomo. Tunaposema "shule imefaulu" tunakusudia watu, yaani walimu na wanafunzi. Katika matumizi ya kila siku utata huu hauna madhara, maana muktadha huuondoa. Katika mjadala wa kalenda, hata hivyo, unaficha tofauti kubwa baina ya mipango miwili.

Katika mpango wa kwanza, wanafunzi wote huingia darasani pamoja na kupumzika pamoja. Jengo hufungwa kila wanapopumzika. Tutauita mpango huu kalenda ya likizo zilizotawanywa. Katika mpango wa pili, wanafunzi hugawanywa katika makundi, na kila kundi hupumzika kwa zamu. Ikiwa shule ina makundi manne ya wanafunzi 250, na wakati wote kundi moja limo likizoni, basi jengo la wanafunzi 750 huhudumia wanafunzi 1,000. Tutauita mpango huu kalenda ya makundi ya zamu. Hapa jengo halifungwi, ingawa kila mwanafunzi ana likizo yake.

Sentensi "shule haifungwi" ni kweli katika mpango wa pili endapo shule ni jengo, na si kweli endapo shule ni masomo ya mtoto. Mipango hii miwili ilianzishwa kwa sababu tofauti na ina matokeo tofauti, lakini huitwa kwa jina moja, na ushahidi wa mmoja hutolewa kuwa ushahidi wa mwingine.

4.0 Hoja za Wanaounga Mkono

4.1 Hoja ya kusahau

Hoja ya (1) ndiyo yenye nguvu kuliko zote na ndiyo inayostahili kuchambuliwa kwa kina. Ushahidi wake mkuu umetokana na kazi ya Harris Cooper na wenzake iliyochapishwa mwaka 1996. Watafiti hao walipitia tafiti 39 na kuyachanganua kwa pamoja matokeo ya zile 13 zilizokuwa za karibuni zaidi. Waligundua kwamba alama za wanafunzi baada ya likizo ya majira ya joto zilikuwa chini kwa kiasi kinacholingana na mwezi mmoja hivi wa masomo. Upungufu ulikuwa mkubwa zaidi katika hisabati kuliko katika kusoma. Katika kusoma, watoto wa familia za kipato cha kati walionekana kusonga mbele kidogo, ilhali watoto wa familia maskini walirudi nyuma.

Tukubali kwa sasa kwamba ushahidi huu ni sahihi. Je, unatufikisha kwenye dai kwamba likizo igawanywe? Ili utufikishe, tunahitaji kiungo kinachosema kwamba likizo nne fupi husababisha usahaulifu mdogo kuliko likizo moja ndefu yenye jumla ya siku zile zile. Kanuni hiyo haijithibitishi yenyewe. Ikiwa mtoto husahau kwa kadiri ya siku anazokaa nje ya darasa, basi kugawanya siku hizo hakubadili jumla. Ikiwa husahau zaidi katika siku za mwanzo, basi likizo nne zina mianzo minne, na hasara yaweza hata kuongezeka. Ni pale tu ambapo kusahau huanza baada ya muda mrefu kupita ndipo mgawanyo unapoweza kusaidia. Hoja ya (1) imenyamaza kimya kuhusu jambo hili, na ukimya huo ndio unaoifanya ionekane imekamilika.

Kwa bahati njema, dai lenyewe linaweza kupimwa moja kwa moja kwa kulinganisha shule za kalenda mbili. Mwaka 2003 Cooper na wenzake walifanya mapitio mengine, safari hii wakichunguza kalenda na si kusahau. Walipata kwamba tofauti ya wastani katika wilaya 39 za elimu iliegemea upande wa kalenda mpya, lakini ilikuwa ndogo sana: 0.06 ya mkengeuko sanifu, au 0.11 pale ambapo watafiti walikuwa wamejitahidi kulinganisha wanafunzi wanaofanana. Walionya pia kwamba ubora wa ushahidi uliokuwapo ulikuwa hafifu. Jambo moja lilitia moyo: wanafunzi wa familia maskini walionekana kunufaika zaidi.

Nafasi nzuri zaidi ya kupima ilijitokeza katika wilaya ya Wake, jimbo la North Carolina, ambako mwaka 2007 shule 22 zilihamishiwa kwenye kalenda mpya kwa amri ya wilaya. Umuhimu wa tukio hili uko katika neno amri. Mahali ambapo wazazi huchagua kalenda, hatuwezi kujua kama matokeo yametokana na kalenda au na aina ya wazazi walioichagua. Steven McMullen na Kathryn Rouse walichunguza mabadiliko hayo na kuchapisha matokeo yao mwaka 2012. Waliona kwamba kwa mwanafunzi wa kawaida kalenda haikuleta tofauti yoyote ya maana, na walipotenganisha wanafunzi kwa makundi ya rangi hawakuona kundi lililonufaika.

Paul von Hippel naye, alipofuatilia ujifunzaji katika vipindi mbalimbali vya mwaka, aliona kwamba wanafunzi wa kalenda mpya hujifunza zaidi miezi ya majira ya joto na hujifunza kidogo zaidi katika miezi mingine, kiasi kwamba mwisho wa mwaka pande mbili zinalingana. Matokeo haya yasimshangaze mtu aliyekwisha kuhesabu siku. Mtoto aliyekuwa darasani mwezi Julai hakuwa darasani mwezi Oktoba.

4.2 Hoja ya usawa

Pamoja na hoja ya kusahau huja hoja kwamba likizo ndefu ndiyo chanzo cha pengo baina ya watoto wa matajiri na watoto wa maskini. Ushahidi unaotajwa zaidi ni wa Karl Alexander, Doris Entwisle na Linda Olson, waliowafuatilia watoto wa mji wa Baltimore walioanza darasa la kwanza mwaka 1982. Waliona kwamba wakati wa masomo watoto wa tabaka zote walisonga mbele kwa kasi inayokaribiana, na kwamba pengo lilipanuka wakati wa likizo. Katika makala yao ya mwaka 2007 walihitimisha kwamba takriban theluthi mbili ya pengo lililoonekana katika darasa la tisa lilitokana na likizo za miaka ya shule ya msingi.

Matokeo haya yalinukuliwa kwa miaka mingi kana kwamba hayana swali. Hata hivyo, mwaka 2019 von Hippel na Caitlin Hamrock walionyesha kwamba picha hiyo hutegemea sana mizani iliyotumika kupimia. Mitihani ya zamani ilibadilika kutoka ngazi moja hadi nyingine, na mizani yake ilikuwa na tabia ya kuzitawanya alama kadiri watoto walivyopanda madarasa. Pengo lililoonekana kukua huenda lilikuwa ni mizani iliyotanuka. Kwa kutumia mizani iliyo bora zaidi, waligundua kwamba sehemu kubwa ya pengo ilikuwa tayari imekwisha kujengeka kabla mtoto hajaanza shule.

Tusiharakishe kusema kwamba suala hili limefungwa, maana watafiti bado wanabishana. Funzo kwa mpimaji wa hoja ni kwamba ushahidi nao una viungo vyake vilivyofichika, na kwamba namba haiondoi wajibu wa kuuliza imepatikanaje. Aidha, hata kama ingethibitika kwamba pengo huzaliwa likizoni, kutawanya likizo bila kuipunguza hakungekuwa dawa iliyo dhahiri. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna vitabu mwezi Julai hana vitabu mwezi Oktoba pia.

4.3 Hoja ya kilimo

Hoja ya (2) ina makosa mawili. La kwanza ni la kihistoria. Shule za vijijini za Marekani katika karne ya 19 zilikuwa na muhula wa majira ya baridi na muhula wa majira ya joto, na zilifungwa wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, yaani majira ya kuchipua na majira ya kupukutika. Mkulima alimhitaji mtoto katika vipindi hivyo na wala si katikati ya majira ya joto. Wakati huo huo shule za miji mikubwa kama New York na Philadelphia zilifunguliwa kwa zaidi ya siku 240 kwa mwaka. Likizo ndefu ya sasa ilitokana na maafikiano ya baadaye, miji ikipunguza siku na vijiji vikiziongeza. Kenneth Gold ameeleza historia hiyo kwa kina katika kitabu chake cha mwaka 2002.

Kosa la pili ni la kimantiki na lingebaki hata kama historia ingekuwa kweli. Asili ya desturi si kipimo cha manufaa yake ya leo. Desturi iliyoanzishwa kwa sababu iliyokwisha kutoweka yaweza kuwa imepata sababu nyingine, au yaweza kuwa haina madhara. Anayetaka ifutwe anapaswa kuonyesha ubaya wake wa sasa.

4.4 Hoja ya nafasi

Hoja ya (3) ni tofauti na zilizotangulia kwa sababu haidai chochote kuhusu kujifunza. Inahusu jengo, na katika mipaka hiyo ni ya kweli: makundi ya zamu huongeza uwezo wa jengo. Kasoro hutokea pale hoja ya jengo inapovishwa vazi la hoja ya mtoto.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Los Angeles. Wilaya ya elimu ya mji huo, ikiwa imezidiwa na wingi wa wanafunzi, ilitumia katika baadhi ya shule zake kalenda iliyoitwa Concept 6. Wanafunzi waligawanywa katika makundi matatu, mawili yakiwa darasani na moja likizoni, hivyo jengo la wanafunzi 1,000 liliweza kuhudumia wanafunzi 1,500. Ili hesabu hiyo itimie, kila kundi lilisoma siku 163 badala ya 180. Saa za kila siku zilirefushwa ili dakika zilingane.

Dakika zilipolingana, siku hazikulingana. Tofauti ni siku 17 kwa mwaka. Kwa mtoto ambaye angebaki katika kalenda hiyo kwa miaka 12, jumla ni siku 204, ambazo ni zaidi ya mwaka mmoja kamili wa shule. Mtoto huyo angekuwa na usiku 204 pungufu za kufanyia kazi za nyumbani, na mara 204 pungufu za kurudi kwenye somo kesho yake akiwa amepumzika. Shule zilizopewa kalenda hii zilikuwa zile zilizofurika, nazo zilikuwa katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Kwa jina, watoto hao walikuwa katika shule ya mwaka mzima. Kwa hesabu, walipata siku chache kuliko watoto wa shule zilizofungwa majira yote ya joto.

Jambo hili lilifikishwa mahakamani katika kesi ya Williams dhidi ya jimbo la California, iliyofunguliwa mwaka 2000. Katika maafikiano ya mwaka 2004 jimbo lilikubali kuiondoa kalenda ya Concept 6 ifikapo mwaka 2012. Jennifer Graves, aliyechunguza kalenda za makundi ya zamu katika jimbo hilo na kuchapisha matokeo yake mwaka 2010, aliona kwamba alama za wanafunzi zilishuka. Tukirudi kwenye tofauti tuliyoiweka katika sehemu ya 3.2, tunaona kwa nini haifai kuchanganya matokeo ya mpango mmoja na yale ya mwingine bila maelezo. Anayetaka kuipinga kalenda ya likizo zilizotawanywa kwa kutumia matokeo ya Graves anakosea sawasawa na anayetaka kuitetea kalenda ya makundi ya zamu kwa kutumia hoja ya kusahau.

5.0 Hoja za Wanaopinga

Hoja ya (4) haina haja ya kutuweka sana. Ni kweli kwamba wafanyabiashara wa utalii wamekuwa na sauti katika suala hili. North Carolina ilipopitisha mwaka 2004 sheria iliyozuia shule nyingi kufunguliwa kabla ya siku za mwisho za mwezi Agosti, watu wa sekta hiyo walikuwa miongoni mwa walioitaka. Hata hivyo, nia ya msemaji hutufundisha tuwe waangalifu. Haitufundishi kama asemalo ni kweli. Anayejibu hoja kwa kumtaja mwenye hoja ameiacha hoja ilipokuwa.

Hoja ya (5) hudharauliwa na wataalamu kwa kuwa haina takwimu, lakini ni hoja nzito. Pale ambapo shule ya msingi imebadili kalenda na shule ya sekondari haijabadili, mzazi mmoja huweza kuwa na watoto wawili wasiokutana likizoni, na hulazimika kutafuta mlezi kwa vipindi vingi vifupi. Wazazi wa Wake walilipeleka suala hili mahakamani. Mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba wilaya haikuhitaji idhini ya wazazi ili kuwapangia watoto wao kalenda mpya. Uamuzi huo ulijibu swali la mamlaka. Swali la kama ilikuwa busara kuitumia mamlaka hiyo lilibaki pale pale.

Udhaifu wa hoja ya (5) uko katika upana wa dai lake. Ushahidi wake unahusu wilaya ambamo kalenda hazilingani, au shule za makundi ya zamu ambamo ndugu wamewekwa katika makundi tofauti. Haugusi wilaya ambayo shule zote zimebadili kalenda kwa pamoja. Ikipunguzwa hadi kimo chake halisi, hoja hii husema kwamba kalenda zisizolingana huwatwisha wazazi mzigo. Katika kimo hicho haipingiki kwa urahisi, na hasa pale ambapo faida ya masomo, kama ilivyoonekana katika sehemu ya 4.1, ni ndogo au haipo.

6.0 Hoja Zinapovuka Bahari

Shule za Kenya huwa na mihula mitatu, na likizo zake kwa kawaida huangukia Aprili, Agosti, na Novemba hadi Desemba. Shule za msingi za Tanzania zina mihula miwili, zikiwa na likizo Juni na Desemba pamoja na mapumziko mafupi katikati ya mihula. Kwa kipimo cha mjadala wa Marekani, kalenda zetu ni kalenda za likizo zilizotawanywa, na zimekuwa hivyo muda wote bila ya kuitwa shule za mwaka mzima. Kwa hiyo mpangaji wa elimu wa Afrika Mashariki anayesoma kwamba Wamarekani wanapendekeza shule ya mwaka mzima, na kuhitimisha kwamba watoto wetu nao wapunguziwe likizo, amechukua jina na kuliacha jambo.

Mifano mitatu yaonyesha uzito wa tahadhari hii. Wa kwanza ni wa msongamano. Kenya ilipofuta karo katika shule za msingi mwaka 2003, idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2 hivi, na madarasa yakafurika. Nchini Tanzania shule nyingi zimewahi kukabili tatizo la namna hiyo kwa kufundisha zamu mbili kwa siku. Zamu mbili kwa siku na makundi ya zamu kwa mwaka ni ndugu: vyote viwili huongeza kazi ya jengo na vyaweza kupunguza muda wa mtoto. Swali la Los Angeles, yaani mtoto amebakiwa na muda kiasi gani, linapaswa kuulizwa hapa pia.

Mfano wa pili ni wa masomo ya likizoni. Watetezi wa kalenda mpya nchini Marekani husema kwamba likizo fupi hutoa nafasi ya kuwasaidia wanafunzi walioachwa nyuma. Kwetu nafasi hiyo ilikwisha kujazwa na masomo ya ziada ya kulipia, hadi Sheria ya Elimu ya Msingi ya Kenya ya mwaka 2013 ikayapiga marufuku masomo ya likizoni. Likizo fupi haina faida wala madhara kwa ufupi wake. Faida au madhara hutegemea nani anaijaza, kwa malipo ya nani.

Mfano wa tatu ni wa miaka ya 2020 hadi 2022. Shule za Kenya zilifungwa Machi 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Zilifunguliwa kwa madarasa matatu tu mwezi Oktoba mwaka huo, na kwa wanafunzi wote Januari 2021. Ili kufidia muda uliopotea, mihula na likizo vilifupishwa, na kalenda ya kawaida ikarejea Januari 2023. Hapa ndipo neno "mwaka mzima" lilipokaribia maana yake ya Kiswahili. Lakini kalenda hiyo ilikuwa imekazwa; haikuwa imetawanywa. Tafiti za Marekani tulizozitaja haziwezi kuisifu wala kuilaumu, maana hazikuichunguza.

7.0 Hitimisho

Katika makala haya tumejaribu kuonyesha kwamba mjadala wa kalenda ya shule unabeba maswali matatu ambayo jina moja limeyafunga pamoja: je, siku za masomo zipangwe vipi, je, jengo lihudumie watoto wangapi, na je, mtoto apate siku ngapi. Utafiti unaelekea kuonyesha kwamba kuzipanga upya siku zile zile huleta tofauti ndogo au haileti kabisa katika kujifunza. Makundi ya zamu huokoa nafasi, na gharama yake yaweza kulipwa na mwanafunzi. Swali la tatu, ambalo ndilo zito kuliko yote, halijibiwi na kalenda yoyote inayobaki na idadi ile ile ya siku.

Kwa upande wa lugha, tunapendekeza kwamba waandishi na wafasiri waepuke "shule ya mwaka mzima" na watumie maneno yanayotenganisha mambo: kalenda ya likizo zilizotawanywa, kalenda ya makundi ya zamu, na kalenda iliyokazwa. Kwa upande wa ufundishaji, walimu wa insha za hoja wanaweza kuutumia mjadala huu kuwazoeza wanafunzi kuuliza maswali manne kabla ya kukubali au kukataa: neno hili lina maana gani hapa, ushahidi huu umelinganisha nini na nini, kiungo kisichotamkwa ni kipi, na kama dai likikubaliwa, nani atalipa. Katika mfano wa Los Angeles swali hilo la mwisho lilichelewa kuulizwa, na jibu lake lilikuwa siku 17 kila mwaka.